Mbwa Katika Nyumba ya Askari

Mazungumzo ya redio yaliyochapwa kwa ajili ya washarika wa Thika na Ruiru
Masomo: Ayubu 2:11-13 na Luka 16:19-21

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hamjapata kulisikia likitajwa kanisani. Ni habari ya mbwa na askari. Najua wako watakaouliza, "Je, Neno la Mungu limekwisha hata tufike kwa mbwa?" La, halikwisha. Lakini wanaosoma Maandiko watakumbuka ya kuwa Mungu alimkemea Balaamu kwa kinywa cha punda, na Eliya akaletewa chakula na kunguru. Kama Mungu hakuona haya kuwatumia viumbe hao, nasi tusione haya kujifunza kwao.

Na kwa nini askari? Kwa sababu sisi wa upande huu tunaishi kati yao. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika unapita kambi ya jeshi ya Kahawa. Ukifika Ruiru kuna chuo cha askari magereza, na kuna kambi ya kikosi cha Recce cha GSU. Endelea mpaka Thika, utakuta kambi ya jeshi ya wahandisi. Watu wa kambi hizo hawaishi mbali nasi. Wanaume na wanawake hao huketi nasi katika viti vya kanisa. Wake zao wamo katika chama cha akina mama. Watoto wao wanasoma Shule ya Jumapili pamoja na wetu.

Tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipoingia Somalia, nyumba nyingi za hapa zimejifunza kungoja. Tunakumbuka asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa. Tunakumbuka Kulbiyow, tarehe 27 Januari 2017. Kisha kuanzia Juni 2024 askari polisi wa Kenya wakapelekwa Haiti, ng'ambo ya bahari. Kila mara habari ilipotangazwa, kuna mama aliyesimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi, asithubutu kuongeza sauti ya redio wala kuizima.

Wengine hawakurudi. Wengi walirudi, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini katika hao waliorudi, wako waliorudi na jeraha lisiloonekana.

JERAHA LISILOONEKANA

Pengine mmemwona mtu wa namna hiyo. Mtungi wa gesi ukianguka nyumba ya jirani, yeye yuko chini ya meza kabla hajajua amefanya nini. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, jasho linamtoka. Kanisani huchagua kiti cha nyuma karibu na mlango, wala hakai mahali ambapo mtu anaweza kupita mgongoni mwake. Usiku hulala saa mbili tatu, kisha huamka akipiga kelele. Mke wake amejifunza kumwamsha akiwa amesimama mbali na kitanda. Watoto wamezoea kuambiwa, "Msimsumbue baba."

Madaktari wanaujua ugonjwa huu. Ni maradhi ya akili na mwili yanayomfuata mtu baada ya kupita katika hatari kubwa au kuona mauaji. Si woga. Si pepo. Si kwamba imani yake ni haba. Mwili wake ulijifunza vitani kukaa macho ili uishi, na sasa hatari imekwisha lakini mwili haujaambiwa.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Wazee wetu waliokwenda Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki walirudi nao. Walivua sare, wakashika jembe, na hakuna aliyewauliza neno. Wengi walikaa kimya mpaka kufa kwao. Jioni mzee angeketi nje ya nyumba yake, akitazama bonde, na mbwa amelala miguuni pake. Watoto walidhani mzee anapumzika tu. Pengine mbwa alijua zaidi.

MBWA ALIYEZIKWA NACHINGWEA

Sasa nitawasimulia habari ya mbwa mmoja aliyewafariji askari na jamaa zao. Nayo si ngano, ni mambo yaliyotukia. Na mwisho wake uko hapa kwetu, Afrika ya Mashariki.

Jina lake aliitwa Judy. Alikuwa mbwa jike wa kuwinda, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, aliyezaliwa Shanghai, China, mwaka 1936. Wanamaji wa Uingereza walimchukua akae nao katika manowari zao. Mwezi wa Februari 1942, meli aliyokuwamo, HMS Grasshopper, ilitoka Singapore ikapigwa mabomu na ndege za Wajapani. Waliookoka walijikuta katika kisiwa kisicho na watu wala maji ya kunywa. Judy ndiye aliyewaonyesha mahali penye maji matamu.

Baadaye walikamatwa katika kisiwa cha Sumatra, wakafungwa kambini huko Medan. Hapo, Agosti 1942, Judy alikutana na kijana wa jeshi la anga la Uingereza jina lake Frank Williams. Chakula cha mfungwa kilikuwa wali kidogo wa kuchemshwa. Frank alimpa mbwa yule wali wake. Tangu siku ile hawakuachana.

Maisha ya Judy kambini yalikuwa hatarini kila siku, maana walinzi walitaka kumwua, na watu walikuwa na njaa. Basi Frank alimwendea mkuu wa kambi siku moja alipokuwa amekunywa pombe, akamwahidi kumpa mtoto mmoja wa Judy. Mkuu yule akakubali kumwandika Judy kuwa mfungwa wa vita kamili. Frank alikuwa namba 81. Judy akapewa namba 81A.

Mwezi wa Juni 1944 wafungwa walihamishwa kwa meli, nayo ikapigwa na manowari ya chini ya maji. Frank alimsukuma Judy nje kwa dirisha dogo la meli, aangukie baharini, ndipo naye akajiokoa. Hakujua kama Judy yu hai. Lakini waliookolewa walisimulia habari za mbwa aliyekuwa akiogelea kati ya watu wanaozama, akiwasaidia kufikia vipande vya mbao. Walikutana tena kambini. Wakapelekwa katikati ya msitu, wafungwa wajenge reli, na watu walikufa kwa njaa na maradhi.

Baadaye Frank alieleza ya kwamba Judy alimwokoa kwa njia nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba alimpa sababu ya kuishi. Alipoyatazama macho ya mbwa yule yaliyochoka, alijiuliza: mimi nikifa, huyu itakuwaje kwake? Basi alijikaza siku ile, na siku iliyofuata tena.

Vita vikaisha Agosti 1945. Wakarudi Uingereza, na mwezi wa Mei 1946 Judy akapewa Nishani ya Dickin, ambayo hupewa wanyama waliotenda ushujaa vitani. Magazeti yaliandika sana juu ya nishani. Lakini mimi nataka mkazie masikio jambo lililofuata. Kwa muda wa mwaka mzima Frank na Judy walikwenda nyumba kwa nyumba kuwatembelea jamaa za wafungwa waliokufa kule Sumatra. Fikirini ugumu wa safari hiyo. Utamwambia nini mama ambaye mwanawe alikufa kwa njaa nawe umerudi? Frank alisema ya kwamba kila walipofika, kuwapo kwa Judy kuliwafariji wale watu. Mbwa aliingia, akalala sakafuni karibu nao. Naye alikuwa ameishi kambini pamoja na mtoto wao.

Mwaka 1948 Frank alipata kazi katika mpango mkubwa wa karanga huko Tanganyika, akaja pamoja na Judy. Mpango ule wa karanga ulishindwa vibaya na kuwagharimu Waingereza mamilioni ya paundi. Huko Nachingwea, tarehe 17 Februari 1950, Judy alikufa baada ya kuugua uvimbe, akiwa na umri wa miaka 14. Frank alimvika koti la jeshi la anga, akamzika, kisha akatumia miezi miwili kumjengea kaburi la mawe. Ni Nachingwea ileile ambako baadaye, katika miaka ya 1960, wapigania uhuru wa Msumbiji walifanyia mazoezi yao.

KWA NINI MBWA HUFARIJI

Mtu atauliza, mnyama asiyejua kusoma wala kusali awezaje kufariji? Nitataja mambo manne.

Kwanza, mbwa hanyoshi maneno mahali pasipo na maneno. Rafiki zake Ayubu walipomwona katika taabu yake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Siku hizo saba walikuwa wafariji wema. Taabu ilianza walipofungua vinywa vyao na kuanza kumweleza kwa nini ameteseka. Mbwa hufanya lile la siku saba, wala haendelei zaidi.

Pili, mbwa hajali cheo wala sura. Askari aliyepoteza mguu, mbwa humlaki kama alivyomlaki akiwa na miguu miwili. Aliyestaafu bila kupandishwa cheo, mbwa hajui. Aliyechomwa uso hata watoto wa jirani wanamkimbia, mbwa humtambua kwa harufu na sauti, akaja akitikisa mkia. Katika mfano wa Bwana Yesu, tajiri alikuwa na meza, na mlango, na watu wa nyumbani mwake. Lakini waliomkaribia Lazaro na vidonda vyake walikuwa mbwa tu. Wako wanaosema mbwa wale walimwongezea aibu. Hata kama ni hivyo, aibu iliyo kubwa zaidi ni ya wale ambao hawakukaribia kabisa.

Tatu, mbwa humpa mtu kazi. Mwenye jeraha la moyoni haoni sababu ya kutoka kitandani. Lakini mbwa ana njaa alfajiri. Anataka maji, anataka kutembea. Mtu huyo ataamka kwa ajili ya mbwa kabla hajaweza kuamka kwa ajili yake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Frank Williams. Na mtoto ambaye babake yuko mbali, akipewa kazi ya kumlisha mbwa wa baba, anapata kitu cha kumtunzia baba mpaka arudi.

Nne, mwili wenyewe hupata nafuu. Mtu akimpapasa mbwa mtulivu anayemzoea, moyo wake hupunguza mbio na shinikizo la damu hushuka. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha ya kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa upendo, kemikali iitwayo oksitosini huongezeka katika miili yao wote wawili. Ni ileile inayofanya kazi mama anapomnyonyesha mtoto wake. Mwumbaji aliweka dawa hiyo ndani yetu tangu mwanzo.

Nchi nyingine zimelifanya jambo hili kuwa huduma kamili. Huko Marekani mbwa hufundishwa kumwamsha askari anapoota ndoto mbaya, na kusimama kati yake na watu wanapomsonga. Mwezi wa Agosti 2021 sheria ilipitishwa huko ili askari wa zamani wenye ugonjwa huu washiriki katika kuwafundisha mbwa wa namna hiyo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue umeonyesha kwamba askari waliopewa mbwa hao hupata nafuu kuliko wale ambao bado wanangoja wao. Lakini wachunguzi hao hawasemi kwamba ugonjwa huisha. Mbwa hachukui mahali pa daktari. Hutembea pamoja na mgonjwa njia ya kwenda kwa daktari.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Ndugu zangu, nisiposema na haya, nitakuwa nimewadanganya.

Wako wazee wa Thika, Gatundu na Murang'a ambao wakisikia mbwa hawakumbuki faraja. Wanakumbuka miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952, mbwa walipotumiwa kufuata nyayo za watu msituni. Wanakumbuka lango la mzungu lenye maneno ya kuonya juu ya mbwa mkali. Hatuwezi kuwaambia wazee hao kwamba hofu yao ni upuzi. Waliona walichoona. Lakini hilo nalo latufundisha. Mbwa aliyefukuza watu msituni na mbwa aliyewafariji wafungwa Sumatra ni wa ukoo mmoja. Kilichowatofautisha ni mkono uliowashika. Mnyama huyu hujifunza moyo wa bwana wake. Basi swali si mbwa ni mnyama wa namna gani. Swali ni sisi ni mabwana wa namna gani.

Kwa maana hiyo, mbwa anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, akapigwa mateke na kulishwa maganda, usitarajie amfariji mtu. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Hilo limo katika Biblia, wala halikuletwa na Wazungu.

Tena kuna ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Serikali yetu imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu yeyote Kenya kwa kichaa cha mbwa, lakini haitawezekana sisi tusipochanja mbwa wetu. Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kupata sindano. Asingoje aone kama ataugua, kwa maana dalili zikiisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Wala asiridhike na kupaka dawa za kienyeji.

Na si kila nyumba inafaa mbwa. Ruiru ya leo imejaa majumba ya kupanga, orofa juu ya orofa, na mwenye nyumba hataki mnyama. Kota za askari nazo zina amri zake. Tena mbwa anakula, na mshahara ni uleule. Mwenye chumba kimoja na watoto wanne asijilaumu. Ninayosema leo hayamlazimu mtu yeyote kununua mbwa.

BASI SISI TUFANYE NINI?

Kama nyumba ya askari ina mbwa, jirani mwema aweza kuitunza zawadi hiyo. Baba akipelekwa kazini mbali, vijana wa kanisa wanaweza kusaidia kumtembeza mbwa, kutengeneza kibanda chake kabla ya mvua ya masika, au kumpeleka kwa daktari wa mifugo siku ya chanjo. Kazi hizo ni ndogo, lakini mama wa nyumba hiyo atajua kwamba hajasahauliwa.

Na kama nyumba ya askari haina mbwa, ina majirani. Ina sisi. Je, tunaweza kufanya yale ambayo mbwa hufanya bila kufundishwa? Tunaweza kufika. Tunaweza kuketi. Tunaweza kunywa chai bila kumwuliza mtu aliua wangapi, wala kumtaka asimulie ili tuburudike. Tunaweza kuacha kumwambia mjane kwamba yote yalikuwa mapenzi ya Mungu, kabla hata matanga hayajaisha. Tunaweza kurudi mwezi wa pili, na wa tatu, wakati magari ya jeshi yameondoka na maua ya kaburini yamekauka. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nawe askari unayesikiliza, labda umeketi peke yako gizani nje ya nyumba ili usiwaamshe watoto. Jeraha lako lina jina, na lina matibabu. Yuko daktari, yuko kasisi wa jeshi, yuko mchungaji wako. Mke wako anajua zaidi ya unavyodhani. Ulipolala yeye alikuwa macho. Kwenda kuomba msaada si kuasi amri wala si kuvunja heshima ya sare. Uliwahi kumbeba mwenzako aliyejeruhiwa. Ukubali nawe kubebwa.

Mwisho, wasikilizaji wapendwa, tukumbuke jambo hili. Judy hakuwaondolea wafungwa njaa. Hakuwafungulia lango la kambi. Wala hakuwarudishia akina mama watoto wao. Alichofanya ni kukaa nao. Ikiwa mnyama kwa kukaa tu aliweza kumtia mtu nguvu za kuishi siku moja zaidi, sisi tulioumbwa kwa mfano wa Mungu tutakuwa na udhuru gani?

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, twawaweka mikononi mwako askari wetu walioko mbali, na wale waliorudi lakini usingizi haujawarudia. Uwakumbuke wajane na yatima wa kambi zetu. Utufundishe kufika, kuketi na kunyamaza. Utupe mikono ya upole kwa wanadamu na kwa wanyama uliotukabidhi. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.